Riwaya ndefu ya safarini: chukua iliyotoka kwanza kwa vipande

Ukipanda matatu Kisumu kwenda Nakuru na riwaya nene ya zamani, chukua ile iliyochapishwa kwanza gazetini, kipande kwa kipande. The Count of Monte Cristo ya Alexandre Dumas ilitoka hivyo Ufaransa kati ya 1844 na 1846, na ina sura 117. Msomaji wa wakati huo alikaa siku akingoja kipande kijacho, kwa hiyo mwandishi ilibidi amkumbushe nani ni nani, kisha amwache na hamu. Abiria anahitaji hivyo hivyo: sura moja kutoka Ahero hadi Awasi, unafunga kitabu gari likiingia kona za Kericho (hapo usisome kabisa, kichefuchefu hakina huruma), unaendelea Londiani bila kurudia ukurasa hata mmoja.

Mbinu hii inakwama kwa Warusi. Anna Karenina, riwaya ya Leo Tolstoy, nayo ilitoka kwa vipande na sura zake ni fupi, ila mtu mmoja huitwa jina lake, la baba yake, la ukoo, mara la kudekezwa. Hiyo andika majina nyuma ya tiketi, uifanye alamisho.