Kung fu ya kuchekesha uani Lubumbashi: jinsi ya kuionyesha bila kuua kicheko

Anza na miguu. Katika filamu hizi za kung fu za Hong Kong kichekesho kiko chini: mlevi anayumba, kisigino kinanasa benchi, benchi linamwangukia adui. Nyota wake, Jackie Chan, Sammo Hung na Yuen Biao, walilelewa katika shule moja ya opera ya Kichina huko Hong Kong, chini ya mwalimu Yu Jim-yuen. Jukwaani mchezaji huonekana mzima, toka utosini hadi unyayoni, na kamera yao nayo ikazoea kusimama mbali. Televisheni ikiikuza picha ili ijaze kioo, nusu ya mchezo inabaki nje.

Kwa hiyo ingia kwenye menyu ya picha, chagua ukubwa wa asili, ukatae zumu. Televisheni ya inchi 55 ina upana wa karibu sentimeta 122 na kimo cha 68. Filamu pana za zamani zitaacha utepe mweusi wa sentimeta 8 hivi juu na chini. Kuna mtu atapiga kelele kwamba kioo kimeharibika, mwambie atulie. Nakala iliyotolewa kwenye kaseti za zamani mara nyingi ilishakatwa pembeni, na hiyo hakuna menyu itakayoiponya: tafuta nakala nyingine. Hapo hapo zima kile kinacholainisha mwendo. Filamu ni fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, na televisheni ikijitungia fremu za katikati, teke linaanza kuteleza kama la katuni.

Kutafuta filamu kwenyewe kuna mtego wa majina, kwa sababu nakala nyingi zinazotufikia zina jina la Kifaransa. Drunken Master ya 1978 huitwa Le Maître chinois. Snake in the Eagle's Shadow, ya mwaka huo huo na mwongozaji huyo huyo, Yuen Woo-ping, ni Le Chinois se déchaîne. Project A ya 1983 ni Le Marin des mers de Chine, na Wheels on Meals ya 1984, iliyopigwa Barcelona, ni Soif de justice. Usinunue filamu moja mara mbili.

Jaribu faili siku moja kabla, kwenye televisheni ile ile. Fleshi iliyofomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kuhifadhi faili, haipokei faili inayofika GB 4. Picha ikitoka bila sauti, mara nyingi sauti ni ya aina ya DTS na televisheni haiijui. Kwa programu ya kubadilisha faili, ifanye AAC, aina inayojulikana zaidi. Ikikataa kabisa, huenda picha imebanwa kwa H.265, njia mpya, igeuze kuwa H.264, ya zamani. Maandishi ya chini yape jina lile lile la faili, uyahifadhi kwa UTF-8 (mpangilio wa herufi unaouchagua unapohifadhi), la sivyo kila herufi ya Kifaransa yenye alama itageuka takataka.

Kosa baya zaidi halionekani dakika tano za kwanza. Sauti ya Kifaransa iliyotolewa kwenye DVD ya Ulaya hukimbia fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo ikibandikwa kwenye picha ya fremu 24 inatangulia kidogo kidogo. Baada ya saa moja na nusu imeachana nayo kwa zaidi ya dakika tatu. Ruka hadi mwisho wa filamu uangalie midomo na ngumi. Spika nayo iunge kwa waya. Bluetooth huchelewesha sauti kwa sehemu ya sekunde, na hilo linatosha kuua kicheko: studio za Hong Kong enzi hizo zilipiga picha bila sauti, kisha zikapachika kila "pa!" mahali pake, kama ngoma. Pigo likichelewa, mchezaji anaonekana mjinga badala ya mchekeshaji.

Sasa msimulizi. Katika komini za Katuba au Kenya, hapa hapa Lubumbashi, utakuwa na wazee na watoto wasiofuata maandishi ya Kifaransa, basi mtu wa kutafsiri kwa Kiswahili anahitajika. Aitazame filamu mara mbili na aandike dakika za mazungumzo. Aseme wakati watu wanasema, na anyamaze mkono wa kwanza unapoinuliwa. Asitangulize kichekesho. Katika Drunken Master mwanafunzi ananing'inia kichwa chini, anachota maji kwa vikombe vidogo kutoka ndoo ya chini kwenda ya juu. Hapo neno lolote ni la ziada. Mchezo wa maneno ya Kikantoni asiufasiri: aseme tu mzee anataka nini, kwa Kiswahili cha mtaani, aendelee. Msimulizi anayependa sauti yake kuliko filamu mpe kazi ya kuuza karanga na munkoyo, kinywaji cha mahindi.

Delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, haiombi ruhusa. Televisheni na spika moja havifiki wati 300, jenereta ndogo inatosha, ila weka regilateri, kifaa cha kutuliza umeme, katikati kwa sababu umeme ukirudi ghafla huja na nguvu. Jenereta ikae mita 10 au zaidi, nyuma ya ukuta, moshi ukielekea mbali na watu, na usiongeze petroli ikiwa bado moto. Kuanzia Novemba usitegemee ukumbi wa bati: mvua ikishuka hakuna spika itakayoishinda. Juni na Julai ua ni mzuri, lakini baridi huwaondoa watoto mapema, basi anza giza linapoingia tu.

Filamu mbili zatosha. Kwanza ile ya mwalimu mkali na mwanafunzi mvivu, maana kila mtu anaielewa bila kutafsiriwa. Ya pili iwe ya mapigano makubwa. Wheels on Meals inafaa: teke la Benny Urquidez, mpiganaji Mmarekani anayecheza adui, linazima mishumaa kwa upepo wake, na ua wote utataka kurudishiwa. Rudisha mara moja.

Ukimaliza na Project A, usizime majina yanapoanza kupanda. Hapo ndipo zinapoonyeshwa picha zilizokosewa, wachezaji wakianguka kweli, na watu hucheka kuliko kwenye filamu yenyewe. Jenereta iwe na mafuta ya dakika kumi za ziada.