Kuunga maketi ya Sd.Kfz. 251: maliza ndani kwanza

Sd.Kfz. 251, gari la deraya la Wajerumani lenye matairi mbele na minyororo nyuma, huwatesa waungaji wa maketi (seti za vipande vya plastiki vya kuunda kigari cha mfano) kwa kuwa liko wazi juu. Kifaru ukiharibu ndani, unafunika mnara na mambo yameisha. Hapa kila doa litaonekana.

Anayeanza achukue toleo la D kwa kipimo cha 1/35 (dogo mara 35 kuliko gari halisi), lenye urefu wa karibu sentimita 17. Mgongo wake ni bamba lililonyooka, hivyo mapengo ya kuziba ni machache kuliko kwenye toleo la C.

Kabla ya kukata, hesabu vipande vyote kwenye fremu, yaani vijiti vya plastiki vinavyovishikilia. Kikikosekana kimoja, si rahisi kukipata hapa Goma, mji wa Kongo ulio karibu na volkano. Osha fremu kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, maana mafuta ya kalibu hufanya rangi ibanduke. Usianike barazani: vumbi la lava litanata.

Kata mbali na kipande milimita 1 au 2, kisha nyoa kisiki kwa wembe na usugue kwa msasa namba 400, halafu 600. Ukikata karibu sana, plastiki hung'oka na kuacha shimo.

Kazi kubwa iko kwenye kuta za ndani. Utaona alama za mviringo, zilizoachwa na pini zinazosukuma plastiki itoke kwenye kalibu. Katakata mabaki ya fremu ndani ya kichupa cha gundi ya maji ya plastiki, acha usiku kucha mpaka yawe mazito kama asali. Paka kwa kijiti cha meno, subiri saa 24, ndipo usugue. Ukisugua mapema, dawa hiyo itaendelea kunywea na shimo litarudi. Asetoni ya kutolea rangi ya kucha usiijaribu: inayeyusha plastiki yenyewe.

Ndani paka rangi ileile ya nje. Ile nyeupe ya pembe za ndovu ni ya vifaru vilivyofungwa juu. Usukani umeinama kinyume cha gari la kawaida. Karatasi ya maelekezo haijakosea, usiugeuze. Sehemu ya juu na ya chini ya bodi zifunge kwa mipira ya kufungia noti na vibanio vya nguo, gundi ikauke kabisa.

Magurudumu ya mnyororo yanalaliana, kwa hiyo yapake rangi yakiwa bado kwenye vijiti vya meno. Ukiyaunga kwanza, brashi haifiki yale ya ndani. Mpira wake upake kijivu cheusi. Nyeusi tupu huonekana kama kichezeo. Gundi ya ekseli ya mbele ikiwa bado laini, weka gari juu ya kioo, ukandamize polepole: matairi yote mawili lazima yaguse. Tairi moja kuning'inia hewani ndilo kosa linaloonekana zaidi kwenye maketi haya.

Mnyororo wa mpira haushikwi na gundi ya plastiki. Tumia gundi kali ya papo hapo, au ushone kwa uzi na kuficha mshono chini ya bawa la tairi.

Rangi ifuate mwaka. Kuanzia Februari 1943 rangi ya msingi ilikuwa njano iliyofifia, ikiongezwa mabaka ya kijani na kahawia. Toleo la D lilianza baadaye mwaka huohuo, basi D la kijivu kitupu si sahihi. Stika zibandike juu ya verni inayong'aa. Juu ya rangi kavukavu hewa hubaki chini yake na ukingo unang'aa kama fedha. Verni ya kupuliza isiyong'aa usiiguse mvua ikinyesha: unyevu huigeuza maziwa.

Mchanga wa lava wa Goma unavutia kwa matope, lakini chembe ya milimita 1 kwa kipimo hiki ni jiwe la sentimita 3.5. Saga chaki ya kahawia kwenye msasa, uchuje kwa soksi ya nailoni, uipake kwa brashi kavu.