SOMO: Kuandaa madai ya dawa za bima yasirudi (soma lote ndipo uulize)

Wadau wa famasi,

Kila mwisho wa mwezi napokea ujumbe ule ule: "Mkuu, madai yetu yamekataliwa, tunafanyaje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara hii moja. Atakayeuliza kilichomo humu nitamtajia namba ya hatua tu, na asinune.

Kila mfuko wa bima una fomu zake, orodha yake ya dawa na tarehe yake ya mwisho ya kupokea madai. Hayo yamo kwenye mkataba wenu, yasomeni. Mimi naongelea yale yanayofanana kila mahali. Mkaguzi wa madai hakumwona mgonjwa na hakumsikia daktari. Mbele yake ana misimbo, idadi na tarehe. Vikipingana, dai linarudi hata kama dawa ulitoa kihalali kabisa.

Hatua ya 1. Hakiki uanachama siku ile ile unayotoa dawa.

Hatua ya 2. Soma cheti chote cha daktari kabla hujagusa rafu: jina, tarehe, saini ya aliyeandika, dawa, nguvu yake, dozi, muda. Kikiwa na pengo, mpigie simu aliyeandika wakati mgonjwa bado amekaa kwenye benchi. Akishaondoka na dawa, pengo lile ni lako.

Hatua ya 3. Msimbo wa ugonjwa. Wengi wetu bado tunatumia ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa. Kila msimbo wake huanza na herufi, zinafuata tarakimu. Shinikizo la damu la kawaida ni I10, na ile ya kwanza ni herufi I, si tarakimu 1. Ukiandika 110 mfumo hauna ugonjwa wa namna hiyo. Vivyo hivyo herufi O, ambayo ni sura ya ujauzito na uzazi, si sifuri. Angalia pia E10 na E11: ya kwanza ni kisukari aina ya 1, ya pili ni aina ya 2. Cheti cha metformini, dawa ya kisukari aina ya 2, peke yake chini ya E10 lazima kiulizwe. Kazi yako ni kunakili alichoandika daktari na kumpigia kama hakieleweki. Kumchagulia mgonjwa ugonjwa haimo.

Hatua ya 4. Msimbo wa dawa. Andika kilichotoka kwenye rafu yako, si kilichoandikwa kwenye cheti. Kama sheria zenu zinaruhusu kubadilisha chapa na umebadilisha, dai liwe na msimbo wa pakiti uliyotoa. Mnaotumia ATC, mfumo wa kimataifa wa misimbo ya dawa, kumbukeni kila msimbo una herufi na tarakimu 7 kwa jumla, na unataja kiambato na matumizi yake. Nguvu ya kidonge na ukubwa wa pakiti hausemi, kwa hiyo viandikwe pembeni. Tena kiambato kimoja kinaweza kuwa na misimbo kadhaa. Aspirini ya kuzuia damu kuganda ni B01AC06, ya maumivu ni N02BA01. Metronidazoli ya kumeza ni P01AB01, ya mshipa ni J01XD01, ya ukeni ni G01AF01. Usichukue ya kwanza inayotokea ukitafuta jina.

Hatua ya 5. Idadi na siku. Hapa tulieni, maana hapa ndipo hela nyingi inapopotelea, na mimi pameshaniuma.

Idadi bila kipimo si idadi. Chukua boksi la insulini lenye kalamu 5 (sindano zenye umbo la kalamu). Kila kalamu ina 3 ml, na kwa nguvu ya yuniti 100 kwa ml hiyo ni yuniti 300. Boksi zima ni 15 ml, yaani yuniti 1500. Sasa sehemu ya idadi unaandika 1, 5, 15 au 1500? Yote manne ni kweli, na matatu yatakukosesha malipo. Kama mfumo unahesabu ml na wewe umeandika 5, umedai theluthi ya ulichotoa. Kama unahesabu maboksi na umeandika 15, umedai maboksi kumi na matano, na hilo halirudi kimya kimya, linakuja na mkaguzi mlangoni. Tafuta kipimo cha kila dawa kwenye orodha ya mfuko, kibandike ukutani kwa dawa zote zisizo vidonge.

Kisha siku. Usiandike 30 kwa mazoea. Mgonjwa wa yuniti 20 asubuhi na 10 jioni anatumia 30 kwa siku, lakini kabla ya kila sindano hutoa yuniti 2 hewani kuhakikisha kalamu inapitisha. Hiyo ni 34 kwa siku, na yuniti 1500 zinamfikisha siku 44. Ukiandika siku 30, mkaguzi anagawanya anapata yuniti 50 kwa siku, anaangalia dozi anaona 30, anakata. Ukiandika 44 na maelezo mafupi ya hizo yuniti 2, hesabu inasimama.

Pampu ya salbutamoli yenye mipulizo 200, mipulizo 2 mara 4 kwa siku: siku 25. Kama cheti kinasema "inapohitajika", tumia kiwango cha juu kilichoandikwa. Kama hakikuandikwa, rudi hatua ya 2.

Dawa za maji za kuchanganya: amoksisilini 250 mg mara 3 kwa siku 7, na wewe una chupa ya 100 ml yenye 250 mg kwa kila 5 ml. Hesabu inatoka 105 ml. Ndiyo, zimepungua 5 ml. Ama utoe chupa mbili na ueleze, ama daktari akubali kurekebisha. Kumpa moja na kuandika siku 7 ni kuandika uongo mdogo ambao mashine inauona.

ONYO: dawa za mara moja kwa wiki. Metotreksati ya 2.5 mg, dozi ya 10 mg kwa wiki, ni vidonge 4 kila wiki. Vidonge 16 ni siku 28. Ukiona mfumo umekuandikia siku 4, usibonyeze "endelea". Mtu amejaza dozi ya wiki kama ya siku, na lebo ikitoka hivyo hivyo mgonjwa anaweza kufa. Hapo suala la malipo limeshakuwa dogo.

Hatua ya 6. Dawa inayotaka kibali cha awali cha mfuko: namba ya kibali ipatikane kabla ya kutoa dawa. Baadaye ni maombi.

Hatua ya 7. Saini ya mgonjwa au aliyemchukulia, na nakala ya cheti.

Hatua ya 8. Wasilisha kwa mafungu madogo, usisubiri siku ya mwisho, tunza uthibitisho wa kupokelewa. Dai likirudi soma sababu, lisahihishe lile lile kwa namba yake. Ukituma jipya litaonekana dai la pili la dawa ile ile, nalo linakataliwa kwa kujirudia.

Maswali karibuni.

MASWALI NA MAJIBU

Kidonge Kimoja: Mkuu somo refu sana. Kwa kifupi nifanyeje yasirudi?

Mleta somo: Hatua ya 1 hadi ya 8.

Mchapa Madai: Insulini yangu imekataliwa, nimeandika 5 kama kawaida.

Mleta somo: 5 nini?

Mchapa Madai: Kalamu.

Mleta somo: Na orodha ya mfuko wako inahesabu nini?

Mchapa Madai: Sijaangalia.

Mleta somo: Hatua ya 5, sentensi ya "idadi bila kipimo".

Binti Dozi: Ahsante sana kwa somo. Matone ya macho mnayapigiaje hesabu? Chupa inaandikwa ml lakini cheti kinasema tone moja.

Mleta somo: Swali zuri dada, na nilipaswa kuliweka juu. Makadirio yanayotumika sana ni matone 20 kwa ml. Chupa ya 5 ml ni matone 100. Tone moja kila jicho mara 2 kwa siku ni matone 4, siku 25. Lakini ikiwa ni jicho moja tu, hesabu inatoa siku 50, na chupa nyingi za macho hutupwa siku 28 baada ya kufunguliwa. Basi andika 28, na kwenye maelezo andika "hutupwa siku 28 baada ya kufunguliwa". Mgonjwa akirudi mapema kuliko siku ya 50 hakuna atakayemsumbua. Hakikisha pia cheti kinasema jicho lipi au yote mawili. Hilo moja linabadilisha hesabu mara mbili.

Binti Dozi: Na krimu? Cheti kinasema "paka kidogo".

Mzee wa Risiti: Niruhusu mkuu. Kuna kipimo cha ncha ya kidole: krimu inayotoka kwenye tyubu ya kawaida kuanzia ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kiungo cha kwanza ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Muulize mgonjwa anapaka wapi, hesabu viganja. "Kidogo" ikishakuwa gramu 2 kwa siku, tyubu ya gramu 30 ni siku 15.

Mleta somo: Mzee kamaliza. Ila hesabu hiyo daktari aikubali, iandikwe nyuma ya cheti.

Kaunta Namba Mbili: Daktari aliandika "homa" tu na dawa ya mseto ya malaria. Nikaweka B54 ipite. Imepita. Sasa shida iko wapi?

Mleta somo: Shida ni kwamba umempa mgonjwa ugonjwa.

Kaunta Namba Mbili: Usinihukumu mkuu, mgonjwa angekosa dawa! Na malaria alikuwa nayo, kipimo nilikiona.

Mleta somo: Sikuhukumu, nakueleza mkaguzi atakavyolisoma. Atafungua cheti, ataona homa, ambayo ni R50.9, kisha ataona B54 kwenye dai. Hapo haulizwi daktari, unaulizwa wewe. Kama kipimo kilikuwepo, simu moja kwa daktari ingekupa msimbo sahihi zaidi hata ya B54, maana B54 ni malaria isiyobainishwa. Ikiwa kipimo kilionyesha falsiparamu, aina mojawapo ya vimelea vya malaria, ni kundi la B50.

Kaunta Namba Mbili: Sawa.

Binti Dozi: Samahani, la mwisho. Kuna vyeti vya wagonjwa wa kudumu vinakuja na Z76.0 peke yake. Ni halali?

Mleta somo: Usiombe samahani. Z76.0 ipo kwenye ICD-10, ni ya kuandikiwa upya dawa za kuendelea. Tatizo lake haisemi dawa ni ya nini. Amlodipini, dawa ya shinikizo la damu, chini ya Z76.0 pekee inamwacha mkaguzi akibahatisha. Muombe daktari aanze na I10, hiyo Z ikae ya pili.

Mzee wa Risiti: Kwa wanaochanganya I na 1, O na 0: badilisheni fonti ya kompyuta muweke yenye sifuri iliyokatwa katikati. Ni bure.

Mchapa Madai: Nimeangalia orodha. Wanahesabu ml.

Mleta somo: Basi ni 15. Sahihisha lile lile, usitume jipya.

Binti Dozi: Hivi kwenye ICD-11, toleo jipya, hilo la herufi kufanana na tarakimu wamelirekebisha?

Mleta somo: Ndiyo. Inatumika kimataifa tangu Januari 2022, ingawa kila nchi inahamia kwa wakati wake. Misimbo yake haina kabisa herufi I wala O, waliziacha makusudi ili zisifanane na 1 na 0. Shinikizo la damu limekuwa BA00, na hizo mbili za mwisho ni sifuri bila ubishi. Kisukari aina ya 2 ni 5A11. Mfuko wenu ukihama, orodha mliyobandika ukutani kwa magonjwa itupeni. Ya vipimo vya dawa iacheni.