Waifai haionekani kwenye Linux mpya? Usifomati tena

Mwalimu alishuka daladala ya Kibosho Jumatatu asubuhi, kompyuta mpakato ameifunga kwenye khanga. "Dada fundi, nimeweka mfumo wa Linux Mint mara tatu, waifai haipo." Mara tatu! Iliniuma, kwa sababu tatizo halikuwa kwenye kuweka. Hata angeweka mara ya kumi, kadi ya waifai ingebaki ileile na draiva, yaani programu ya kuiendesha, isingekuwepo.

Kabla ya kufomati, iulize mashine yenyewe. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike:

rfkill list

Ukiona "Soft blocked: yes" kwenye waifai, imezimwa na programu, iwashe kwa sudo rfkill unblock wifi. Ukiona "Hard blocked: yes", amri hiyo haitafua dafu. Tafuta kitufe chenye alama ya mnara kwenye safu ya F, au swichi ndogo ubavuni. Mashine za mtumba zinazofika kibandani kwangu, karibu na soko la Mbuyuni, swichi hiyo huwa imeshiba vumbi, kwa hiyo isukume mbele na nyuma mara kadhaa.

Kwa Mwalimu, waifai haikutajwa kabisa. Ilikuwepo bluetooth tu. Hapo ujue mfumo haujaitambua kadi kama kifaa cha waifai. Tukaandika:

lspci -nnk | grep -iA3 net

Mstari wa "Network controller" ukatoa BCM43142 na mabano yenye [14e4:4365]. Ziandike namba hizo kwenye karatasi. 14e4 ni mtengenezaji, Broadcom, na 4365 ndiyo kadi yenyewe. Ukitafuta msaada, tafuta kwa namba hizo, si kwa jina lililobandikwa kwenye kava. Chini yake kulikuwa na "Kernel driver in use: bcma-pci-bridge", na wengi hudanganyika hapo wakadhani draiva ipo. Hilo ni daraja tu. Draiva inayoiendesha kadi hii inaitwa wl, nayo haimo ndani ya kerneli, kiini cha Linux, lazima uiongeze mwenyewe.

Utaipakuaje na intaneti huna? Chomeka simu ya Android kwa waya wa kuchajia, ingia kwenye mipangilio ya mtandao, washa kushiriki intaneti kwa USB. Linux huiona simu kama mtandao wa waya. Isipoiona, badilisha waya kwanza, maana waya nyingi za bei rahisi zinapitisha chaji tu.

Simu yangu ikakubali, lakini sudo apt update, amri ya kuisasisha orodha ya programu za kupakua, ikakataa: "Release file is not valid yet". Naomba usiupite ujumbe huu. Niliandika date, na saa ya mashine ilikuwa nyuma miezi mingi. Betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao, CR2032, ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila chaji ikiisha mashine inasahau tarehe. Saa ikiwa nyuma, apt inaona faili zimetoka siku ambayo haijafika, na hata kurasa za wavuti zinagoma kwa sababu ya vyeti vya usalama. Andika:

sudo timedatectl set-ntp true

Subiri kidogo, angalia date tena. Ikikaa sawa, endelea:

sudo apt update
sudo apt install linux-headers-$(uname -r) broadcom-sta-dkms

Usiandike upgrade wakati huu. Itakumaliza bando lote kwa vitu ambavyo leo huvihitaji.

Ikiwa Secure Boot, ulinzi wa mashine wakati wa kuwaka, imewashwa, utaombwa kutunga nenosiri. Likumbuke, kwani ukiwasha upya itatokea skrini ya bluu: chagua "Enroll MOK", uliandike. Ukiipita skrini hiyo, kerneli itaikataa draiva na utarudi pale pale. Mwalimu aliandika la kwake polepole kwa kidole kimoja, mashine ikawaka, na mitandao ya majirani ikajipanga kwenye kona. Betri tulibadilisha siku hiyohiyo.

Kadi yako ikiwa ya Intel, mambo ni mepesi. Draiva yake, iwlwifi, imo kwenye kerneli, ila inahitaji faili zake za kuendeshea, yaani firmware. Angalia sudo dmesg | grep -i firmware. Linux ya Debian 12 ya mwaka 2023 huziweka yenyewe, lakini matoleo ya nyuma yanakutaka uongeze firmware-iwlwifi.

Ikiunganika halafu inakatika kila baada ya muda, shuku kubana umeme. Fungua faili hili:

sudo nano /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf

Badilisha wifi.powersave kutoka 3 iwe 2, hifadhi, kisha andika sudo systemctl restart NetworkManager.