Shukrani isiyolala: namna ya kumshukuru Mungu kwa jina na kwa saa

Katika sheria za sadaka kuna agizo dogo ambalo wahubiri wengi hulipita mbio. Mambo ya Walawi 7:15 inasema nyama ya sadaka ya shukrani iliwe siku ile ile ilipotolewa, isibaki hata kipande hadi asubuhi. Sadaka ya nadhiri au ya hiari iliruhusiwa kulala (aya ya 16). Ya shukrani haikuruhusiwa. Hebu piga hesabu: umechinja fahali, jua linatua, na nyumbani mko watu sita. Utafanya nini usipoita majirani?

Agizo hilo ndilo msingi wa yote yanayofuata hapa. Shukrani ikilala huchacha, kama maharagwe yaliyosahauliwa kwenye sufuria. Na ile ya jumla jumla, "asante Mungu kwa kila kitu", mara nyingi ni ya kulala: imesemwa ili lisitajwe jambo hata moja.

Daftari la jioni

Tafuta daftari dogo la kurasa 96, kama la mtoto wa shule, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Liweke pale pale unapoweka kiberiti au tochi, kwa maana stima ikipotea mkono wako utalikuta. Ukilitia kabatini umelizika. Simu nayo inaandika, lakini ukiifungua unakutana na ujumbe wa chama kwamba hujalipa mchango, na jioni yako imeishia hapo.

Andika mistari mitatu kila jioni. Dakika tano zatosha. Kila mstari uwe na mambo manne: nani, alifanya nini, saa ngapi au wapi, na ilimgharimu nini. Hilo la nne ndilo watu hulikwepa, na ndilo lenye mafuta.

Tazama tofauti. Mstari mwepesi: "Nashukuru kwa maji." Mstari uliokomaa: "Saa kumi na mbili asubuhi, kabla mfereji haujakauka, mama wa nyumba ya pili alinijazia mtungi wa lita 20 pamoja na yake. Ilimbidi apange foleni mara mbili." Chini yake weka maneno machache ya kumwambia Mungu: "Bwana, maji yako yalinijia kwa mikono yake." Mstari wa kwanza ungeweza kuandikwa na mtu yeyote, siku yoyote, hata ambaye hakunywa maji. Wa pili ni wako, wa leo.

Kwa nini mitatu? Wa kwanza hutoka wenyewe. Wa pili unahitaji kufikiri kidogo. Wa tatu ndio unaokulazimisha kuirudia siku yako hatua kwa hatua, na hapo ndipo kazi ilipo. Ukijitwika kumi, kufikia Alhamisi utakuwa unaandika "uhai, afya, pumzi" huku ukisinzia.

Jiwekee mwiko mmoja: jambo lisirudiwe ndani ya siku saba. Ukitaka kushukuru kwa afya, taja kiungo. "Goti la kushoto lilipanda ngazi za soko bila kulalamika" ni shukrani. "Afya njema" ni salamu za barua.

Siku ukikosa la kuandika, ipitie kuanzia asubuhi. Nani alikufungulia lango? Nani alisogea ukakaa kwenye matatu? Mama mboga alikukatia sukuma wiki nyembamba namna unavyopenda bila kukumbushwa? Ignatius wa Loyola, padri Mkatoliki wa karne ya 16, aliwafundisha watu kuichunguza siku yao kila jioni, na hatua ya kwanza aliyoiweka ni kushukuru, kabla ya kuzitafuta dhambi. Mpangilio huo una sababu. Anayeanza na makosa hujitetea au hujihurumia. Anayeanza na wema aliotendewa huyaona makosa yake bila mtu kumsukuma. Waprotestanti waweza kuazima hatua hiyo bila kuhama kanisa.

Ukiruka siku tatu, usizijaze kwa kubuni. Mana iliyosazwa hadi asubuhi iliota mabuu na kunuka (Kutoka 16:20). Acha nafasi tupu, andika tarehe ya leo, endelea.

Mezani

Sala ya chakula isizidi pumzi tatu. Ugali unapoa, na watoto wameshahesabu vipande vya samaki. Lakini angalia Kumbukumbu la Torati 8:10: "Nawe utakula ushibe, utamshukuru BWANA." Hapo shukrani iko baada ya shibe. Basi jaribu zote mbili: fupi kabla ya kula, na nyingine kabla vyombo havijaondolewa.

Hii ya pili ndiyo ya kutaja mikono. Kama mmekula omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, kuna mvuvi aliyekesha ziwani na taa zake, maana omena huvuliwa usiku. Kuna aliyewaanika juani ufuoni akiwafukuza ndege. Kuna aliyebeba gunia hadi soko la Kibuye, Kisumu, na aliyepima kwa gorogoro, lile kopo la kupimia. Kuna aliyeondoa mchanga, akawakaanga na nyanya. Kila mtoto ataje mmoja, asirudie wa mwenzake. Kisha mtu mmoja amgeukie aliyepika amwambie asante usoni. Ni aibu mpishi kutajwa mbele za Mungu na yeye mwenyewe asiambiwe neno.

Kwa mtu, siku hiyo hiyo

Wakoma kumi waliponywa, mmoja akarudi, naye ni Msamaria (Luka 17:11-19). Kinachosahaulika ni kwamba wale tisa hawakuwa waasi. Yesu alikuwa amewatuma kwa makuhani, nao walikuwa njiani wakitii. Ndivyo ilivyo hata leo: mtu anawahi mazoezi ya kwaya, anampita pale pale aliyemsaidia asubuhi.

Asante njema huwa na sehemu mbili: alichofanya, na kilichobadilika kwako. Kwa ujumbe wa simu itakuwa hivi: "Mama Achieng', asante kwa kunishikia kibanda leo asubuhi. Niliwahi kliniki, mtoto akapata chanjo bila kupanga foleni ndefu. Mungu akubariki." Basi, tuma. Usibandike ombi mgongoni mwake. "Asante sana, na pia ningeomba unisaidie..." imeifuta asante yote, na aliyeisoma amejua alikuwa anapakwa mafuta ili akamuliwe.

Ukiishi katika mji wa lugha nyingi kama Nakuru au Kisumu, una bahati hiyo mkononi. Asante ni erokamano kwa Mjaluo, kongoi kwa Mkalenjin, mbuya mono kwa Mkisii, orio kwa Waluhya wengi. Neno moja la lugha ya mama yake, hata ukilitamka vibaya, humfanya mtu asimame.

Ushuhuda kanisani

Dakika mbili, si zaidi. Hali ilivyokuwa, sentensi mbili. Kilichotendeka. Nani alitumiwa na Mungu. "Bwana asifiwe", kaa chini. Ukiona umeanza kufungua Biblia, ushuhuda umegeuka mahubiri na mhubiri wa siku anatazama saa.

Makosa ni manne, na yote yanafanywa na watu wenye nia njema.

La kwanza ni kuwasuta majirani: "Maadui zangu wameaibika." Yule Farisayo wa Luka 18:11 naye aliianza sala yake kwa "nakushukuru". Neno lilikuwa sahihi. Jicho lilikuwa kwa mtoza ushuru.

La pili limezoeleka hata halisikiki tena: "Kuna waliolala hospitalini, sisi tuko hapa tukiimba." Benchi la tatu ameketi mzazi ambaye mtoto wake amelazwa wodini tangu Jumatano. Umeshukuru kwa jeraha lake. Shukuru kwa ulichopewa, usikipime kwa alichonyimwa mwingine.

La tatu ni kumficha binadamu nyuma ya Mungu. "Mungu alinilipia karo," na mjomba aliyeuza mtamba wake yuko pale nyuma akitazama sakafu. Mtaje mjomba. Ila muulize kwanza, maana wapo wanaotoa kwa siri kwa ajili ya Mathayo 6:3, mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume, na siri hiyo ni mali yao.

La nne: ugonjwa wa mke, deni la kaka, mimba ya binti. Hayo si yako kuyasimulia, hata kama mwisho wake ulikuwa mzuri.

Malimbuko, na habari ya mahindi mabichi

Kumbukumbu la Torati 26 inampa mkulima mambo matatu: kapu, maneno ya kukiri alikotoka, na karamu pamoja na Mlawi na mgeni. Sisi tumebaki na kapu. Vile vingine viwili havina gharama kubwa: sentensi mbili madhabahuni za shamba lilivyokuwa mwaka huu, na mgeni mmoja mezani Jumapili hiyo, afadhali asiye wa ukoo wenu.

Sasa mahindi. Vihiga na Kakamega, magharibi mwa Kenya, wengi huvuna mwezi wa Julai au Agosti, mvua ingali ikinyesha, na hamu ya kupeleka malimbuko mapema huleta kanisani mahindi yenye maji. Gorogoro mbili za mahindi mabichi zikimwagwa kwenye magunia ya watu wengine, joto linapanda, ukungu unaingia, na pamoja nao sumukuvu (aflatoksini), sumu ya ukungu ambayo haiondoki kwa kupikwa. Sadaka ya mtu mmoja imeharibu ya kanisa zima, na chakula hicho kilikuwa cha wajane.

Pima kwanza. Chukua chupa ya kioo kavu yenye kifuniko, tia mahindi hadi robo au theluthi, ongeza kijiko cha chumvi kavu. Tikisa dakika chache, acha itulie kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu. Yarudishe juani juu ya turubai. Chumvi ikianguka chini yote, yafunge uyapeleke. Kama Jumapili ya mavuno imefika na jua halijatoka, peleka ndizi au mayai.

Kwa wa mjini, sadaka ya shukrani iwe ya kitu kilichokwisha kutokea, na iwe ndani ya uwezo. Paulo anasema hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo (2 Wakorintho 8:12). Kukopa kwenye simu ili ujaze bahasha ni kumshukuru Mungu kwa pesa za mwenye riba. Na bahasha inayotolewa ili irudi mara mia si shukrani, ni biashara. Iite jina lake.

Siku za msiba

"Shukuruni kwa kila jambo," inasema 1 Wathesalonike 5:18, na aya hiyo imewaumiza wengi waliofiwa. Kigiriki chake ni "katika kila jambo", yaani hata ukiwa ndani ya hali hiyo. Mtu atauliza, je, Waefeso 5:20 haisemi "kwa mambo yote"? Inasema. Lakini aliyeiandika ndiye aliyemsihi Bwana mara tatu mwiba umtoke (2 Wakorintho 12:8). Hakudhani kushukuru kunamkataza kulia.

Kwa hiyo usimwambie mfiwa ashukuru. Mbebee viti. Na kama mfiwa ni wewe, badilisha daftari: ukurasa wa kushoto andika maswali yako yanayoanza na "Hata lini", kama Zaburi ya 13 inavyoanza. Ukurasa wa kulia andika tu waliokuja: aliyeleta turubai, aliyeosha masufuria usiku wa pili, aliyekaa kimya. Usilazimishe kurasa hizo mbili zipatane. Zaburi ya 88 inaishia gizani na bado imo katika Biblia.

Mambo mawili hayatibiwi kwa daftari. Anayepigwa nyumbani hapaswi kufundishwa kushukuru ili avumilie, atafutiwe usalama. Na ambaye kwa wiki kadhaa hapati usingizi, hali chakula, wala haoni jema lolote, apelekwe kwa mhudumu wa afya huku mkimwombea.

Kesha la Desemba 31

Jioni ya mwisho wa mwaka, kabla ya kwenda kwenye kesha, toa daftari na uchague mistari 12, mmoja kwa kila mwezi. Isome kwa sauti nyumbani kwa mtindo wa Zaburi 136, ambayo aya zake 26 zina kiitikio kimoja. Wewe unasoma: "Mwezi wa tatu, mama wa nyumba ya pili alipanga foleni mara mbili." Wote wanaitikia: "Kwa maana fadhili zake ni za milele." Mdogo kabisa ndiye aongoze kiitikio, atakisema kwa nguvu kuliko wote. Mwezi ambao kurasa zake ni tupu, tajeni jina la mwezi, nyamazeni kidogo, kisha mwitikie vile vile. Na kama mmoja wa waliotajwa anaishi hatua chache kutoka mlangoni, mtoto atumwe amwite kabla chai haijaisha.