"Na", "au" na "si" katika Python: pale ambapo Kiswahili chako kinakuponza

Python ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Opereta zake za mantiki, yaani maneno ya kuunganisha au kukanusha masharti, ziko tatu tu: `and`, `or` na `not`. Kuzikariri ni kazi ya dakika moja. Taabu huanza unapochukua sentensi ya kawaida, kama ile makanga anayomwambia abiria pale stendi, ukaiandika neno kwa neno. Fungua Python 3 uandike kila mfano mwenyewe. Kusoma tu hakutoshi.

Hatua ya 1: Kweli na si kweli

```
print(7 > 5)     # True
print(7 == 5)    # False
```

Herufi ya kwanza ni kubwa. Ukiandika `true` utapata NameError. Alama moja ya `=` huweka thamani, mbili hulinganisha; ukiandika `if siku = "Ijumaa":` programu itagoma kabla hata haijaanza. Mifano mingine hapa chini inatumia majina kama `siku`, `saa` au `mvua`: yape thamani kwanza, kwa mfano `siku = "Ijumaa"`, la sivyo NameError itarudi.

Hatua ya 2: "Na" isiyo `and`

Tuseme matatu ya Bamburi ina utaratibu huu: watoto walio chini ya miaka 5 na wazee waliopita miaka 70 hawalipi. Anayeanza huandika hivi:

```
umri = int(input("Umri: "))
if umri < 5 and umri > 70:
    print("Bure")
else:
    print("Lipa")
```

Jaribu 3, kisha 80, kisha 30. Wote wanalipa! Python haijakosea. Umeiuliza kama abiria huyu mmoja ana umri chini ya 5 na papo hapo amepita 70, na mtu wa namna hiyo hajazaliwa.

"Na" ya kwenye sentensi inajumlisha makundi mawili ya watu. Programu haioni makundi, inampima mtu mmoja mmoja anapopanda. Kwa hiyo sharti sahihi ni `umri < 5 or umri > 70`. Kabla ya kuandika `and`, jiulize: je, huyu huyu mmoja lazima awe na sifa zote mbili? Kama sivyo, weka `or`, hata kama mdomo wako umesema "na".

(Hiyo `int` usiisahau. `input` hurudisha maandishi, na maandishi hayalinganishwi na namba kwa `<`, utapata TypeError.)

"Au" nayo ina yake. Ukiulizwa "chai au kahawa?" unachagua kimoja. `or` haijali: `mvua or msongamano` ni kweli kukiwa na mvua, kukiwa na msongamano, na vyote viwili vikija pamoja. Ukitaka kimoja tu kati ya viwili, na vyote ni True au False, andika `mvua != msongamano`.

Hatua ya 3: `not`, na duka lisilofungwa

`not` hugeuza jibu. Kwenye feri ya Likoni mwenye gari hulipa, anayevuka kwa miguu halipi, basi kwa watu wa aina hizo mbili `alipe = not kwa_miguu` inatosha.

Sasa chukua duka la Mji wa Kale ambalo halifunguliwi Ijumaa na Jumapili:

```
if siku != "Ijumaa" or siku != "Jumapili":
    print("Duka liko wazi")
```

Duka hili halifungwi kamwe. Ikiwa leo ni Ijumaa, upande wa kwanza ni False, lakini upande wa pili unasema "leo si Jumapili", na hiyo ni kweli. `or` inahitaji ukweli mmoja tu. Hapa ndipo `and` inapotakiwa. Au andika `not (siku == "Ijumaa" or siku == "Jumapili")`, maana ni ile ile: kukanusha kukiingia ndani ya mabano, `or` hugeuka `and`. Kanuni hii ina jina la Augustus De Morgan, mwanahisabati Mwingereza aliyezaliwa Madurai, India, mwaka 1806.

Na usikate njia kwa kuandika `siku == "Ijumaa" or "Jumapili"`. Maandishi yoyote yasiyo matupu huhesabiwa kuwa kweli, kwa hiyo sharti hilo hupita kila siku. Njia fupi iliyo salama ni `siku in ("Ijumaa", "Jumapili")`.

Hatua ya 4: Mabano na saa

Python hufanya `not` kwanza, kisha `and`, mwisho `or`. Tuseme nauli ipande kwa safari ya mbali tu, kukiwa na mvua au msongamano:

```
msongamano = 6 <= saa < 9
if (mvua or msongamano) and mbali:
    nauli = 80
else:
    nauli = 50
```

Ondoa mabano, na mvua ikinyesha hata abiria wa karibu atatozwa 80. Weka mabano hata pale usipoyahitaji, hayana gharama.

Angalia pia hiyo `saa`. Kompyuta huanza kuhesabu usiku wa manane, kwa hiyo 6 ni saa kumi na mbili asubuhi, na 9 ni saa tatu. Ukiweka 12 ukidhani ni magharibi, umeweka adhuhuri.

Hatua ya 5: Mpangilio wa masharti

```
if abiria > 0 and makusanyo / abiria < 50:
    print("Hesabu haijatimia")
```

Upande wa kushoto ukiwa False, `and` haigusi wa kulia. Geuza pande hizo, na gari likiwa tupu programu itaanguka kwa ZeroDivisionError. Kinga huwekwa kushoto.

Ukihamia JavaScript, lugha nyingine ya programu, `and` huwa `&&`, `or` huwa `||`, na `not` huwa `!`. Lakini usihame na `6 <= saa < 9`. Huko sehemu ya kwanza hutoa true au false, ambayo hugeuzwa kuwa 1 au 0, na zote mbili ni chini ya 9, basi msongamano hauishi hata usiku wa manane. Andika `saa >= 6 && saa < 9`.