Nyanya imenyauka ghafla? Ipime kwa glasi ya maji

Mche wa nyanya ukinyauka ilhali majani bado ni ya kijani na udongo una unyevu, usikimbilie kuongeza maji. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa kidole. Kishike wima kwenye glasi angavu ya maji masafi, ncha ya chini iguse maji tu, na mkono utulie. Ndani ya dakika chache, ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka taratibu kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria. Uzi huo ni bakteria wenyewe. Wamejaa kwenye mirija inayopandisha maji, ndiyo maana mche unakauka huku mizizi imezungukwa na maji, na kumwagilia zaidi kunawasambaza tu hadi kwa miche jirani.

Ng'oa mche na mizizi yake, uuchome, kisha safisha kisu kabla hujagusa mwingine. Na tafadhali, pale usirudishie nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo. Wote ni ukoo mmoja na bakteria hawa hukaa udongoni miaka. Panda mahindi.

Kipimo hiki hakifai kwa shina lililokwisha kukauka, na ugonjwa ukiwa mchanga uzi huenda usionekane. Majani ya chini yakianza kuwa ya njano kwanza, tena upande mmoja, shuku mnyauko fuzari: huo ni ukungu, hautoi uzi.